Maji ya Bi Somoe

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani, mwanangu, na nimeikumbuka tena asubuhi hii ulipokuja kuniaga. Umesema kesho wewe na vijana wenzako wa kanisa mnapanda Newala kwa ajili ya hii korona. Gari limeshapakiwa ndoo za bomba, sabuni na barakoa, na mtafika mpaka Chilangala kuwafundisha watu kunawa mikono. Nimefurahi. Nikakuuliza kama mmepakia na maji, ukacheka ukasema, "Baba, maji si yapo hukohuko?" Basi kaa kidogo. Gari lenyewe ni la kesho.

Nilikuwa na umri kama wako, pengine pungufu. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni hapa Masasi, naimba kwaya, navaa suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, na sikuona mtu wa kunifundisha jambo. Miaka hiyo kipindupindu kilikuwa kinazunguka dunia, nchi hadi nchi, kama korona ya leo, ila chenyewe kilipitia tumboni. Kilipofika kwetu, misheni ilikusanya kilichopatikana: sabuni za mche, chumvi, sukari, mashuka. Waumini walichanga. Mama yangu mwenyewe alitoa sukari aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Krismasi.

Tukapanda kijiji cha Mkunya, hukohuko Newala, kwa Landrova ya misheni, mimi na katekista wetu, Mzee Danieli, mtu mfupi asiyepandisha sauti hata anapokukemea. Kazi yangu ilikuwa kufundisha kunawa. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba za wagonjwa na kuwaonyesha ndugu zao namna ya kuchanganya maji, chumvi na sukari. Mgonjwa wa kipindupindu hukauka, mwanangu, na asiponyweshwa hufa. Hilo liweke akilini.

Watu walikusanyika. Nikaomba maji ya kufundishia. Hakuna aliyeinuka. Walitazamana, wengine wakatazama chini, na mimi kwa akili zangu za Masasi nikasema moyoni, hawa hawapendi usafi. Kwetu kisima kilikuwa nyuma ya jiko. Ukiyataka maji unachota. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwishowe mama mmoja wa makamo, Bi Somoe, Mwislamu, aliondoka akarudi na ndoo imejaa, ameifunika kwa sinia. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Karibu maji, mwalimu," akasema.

Mwalimu! Neno hilo lilinipanda kichwani. Nilinawa mpaka viwiko, nikanawa tena ili walio nyuma waone. Kisha nikawaita mmoja mmoja, na kila aliyejimwagia kidogo nilimkaripia: "Ongeza! Unauogopesha ugonjwa kwa matone?" Mchanga wa kule unanyonya upesi, hata tope halikubaki. Yalipokwisha, Bi Somoe alichukua ndoo yake, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akaenda zake.

Haukupita muda Mzee Danieli akatoka katika nyumba ya mama yule, chumvi mkono mmoja, sukari mkono wa pili. Akanijia mbele ya watu wote.

"Isaya, maji yako wapi?"

"Yamekwisha, Mzee. Nimefundishia."

"Mle ndani amelala binti yake, anaharisha tangu jana. Yale ndiyo aliyokuwa akimnywesha. Mashine ya maji imekufa, mama wa watu ameyafuata bondeni alfajiri. Wewe umeyamwaga."

Nikauliza, sasa kwa nini aliyatoa? Lilikuwa swali la kipumbavu, lakini nililiuliza.

"Kwa sababu mgeni ameomba," akanijibu.

Huko juu, siku zile, kuteka maji ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume hakujitwika ndoo. Mzee Danieli aling'oa majani, akanisokotea kata, akaniwekea kichwani, na ndoo ya Bi Somoe juu yake. "Nenda," akasema, basi. Wasichana wawili waliokuwa wakishuka bondeni walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye wakanionea huruma wakaniongoza, maana hata njia sikuijua. Bugaluu yangu ilijaa miba. Kushuka kulikuwa kugumu, kupanda sikusemi. Nilianza na ndoo iliyojaa, nikafika juu na nusu, nyingine imenilowesha mgongo. Njia nzima niliogopa kwamba nitakuta watu wanachimba kaburi. Sijaogopa vile tena maishani.

Sikukuta kaburi. Nilipoondoka, Mzee Danieli alizunguka kwa majirani, na kila nyumba ilitoa kikombe, kimefunikwa kwa kiganja kisimwagike. Wale wale niliowakaripia ndio waliotoa. Binti alikuwa ananyweshwa kijiko kwa kijiko, macho yameingia ndani, lakini anameza.

Bi Somoe akanitua ndoo. Nilisubiri anitukane, nilitamani hata anitukane. Akachota kikombe kimoja katika maji yale, akanipa mimi kwa mikono miwili.

"Kunywa kwanza, baba. Umetoka mbali."

Nikasema hapana. Mzee Danieli akanitazama, nikanywa. Mwanangu, nimekula na kunywa mengi tangu hapo, ila hakuna kilichonipita kooni kwa shida kama kikombe kile.

Binti alipona. Alipona kwa maji ya majirani zake, si kwa mafundisho yangu.

Sasa nikwambie waziwazi, usije ukasema Baba anazunguka tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa mgeni, na nilibakiza kidogo nimuue mwenyeji, tena nikiwa na sabuni ya kanisa mkononi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kisima hamjui mwenye ndoo moja. Kwa hiyo shusheni baadhi ya ndoo hizo, pakieni madumu ya maji. Mkifika, waamkieni wazee, ulizeni maji yanatoka wapi siku hizi na nani anaumwa, ndipo mfungue maboksi. Wakinyamaza, usidhani hawajui. Ukimya wa mtu mzima una sababu, itafute kwa adabu. Nyumba ya Mwislamu na ya Mkristo mzipite sawasawa. Korona ina masharti yake, yafuateni, lakini hakuna sharti linalokukataza kuuliza kabla ya kufundisha.

Madumu yangu mawili ya maji ya mvua yako nyuma ya nyumba. Niliyajaza mapema, kabla hujaja kuniaga.

Mungu aliyekupa miguu ya kwenda akupe na masikio ya kusikia. Akulinde na ugonjwa huko uendako, awalinde na wao wasidhurike kwa wema wako. Na atakayekukaribisha maji, mwanangu, yapokee kwa mikono miwili, maana hujui amemnyima nani ili akupe wewe.