Disko Alilolifuata Baba

Kicheko kimeniponza mara nyingi maishani, lakini hakijawahi kuniponza kama siku niliyomcheka baba yangu mzazi kwenye geti la chuo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, hapa Mpanda, na nilikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya chuo. Kufunga nilijua. Anatomia ndiyo ilinishinda, nikapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Ukifeli na sapu, unadisko: unafukuzwa chuo, unafungasha godoro lako, unarudi kwenu. Jioni moja baba alipiga simu kutoka kwetu Sibwesa nikiwa mazoezini. Akapokea mwenzangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, mtoto wa watu asiyejua kuficha kitu.

"Baba, yuko uwanjani," akamwambia. "Asipoangalia huyu, atadisko."

Kesho yake baba akawa getini na fimbo yake ya kuchungia. Na mimi huyo natoka mazoezini, jasho linanitiririka, na kisketi cha netiboli kinachoishia juu ya magoti. Nikapiga goti kumwamkia hivyo hivyo. Hakuitikia. Alikitazama kile kisketi kwa muda.

"Hilo disko lenyewe linapigwa wapi?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka mlinzi akageuka, na baba akazidi kununa. Nilipopata pumzi nikamweleza neno lile lina maana gani kwetu wanachuo, na kwamba sapu yangu ni wiki ijayo. Uso ukamshuka.

"Bora lingekuwa la muziki," akasema.

Hapo kicheko kikaniishia, nikaanza kulia. Nikamwambia ukweli wote: kwamba niliwahi kuacha mazoezi wiki nzima ili nisome, nikaishia kulalia daftari, kwamba nikicheza nachoka, nisipocheza nazubaa, na sijui nishike lipi niache lipi. Nikamwambia kama anataka niache mpira, naacha leo leo.

Baba alinyoosha mkono, nikampa daftari la anatomia nililokuwa nimelibana kwapani. Akalifungua penye mchoro wa tumbo.

"Ukiacha mpira, ndo utajua nyongo ilipo?"

Baba hakusoma shule, herufi anaziungaunga tu, lakini amechuna ng'ombe tangu utoto wake. Alipitisha kidole taratibu: ini, nyongo, figo. Akalalamika kwamba bandama wameichora kubwa mno. Sikumwambia kwamba aliyeichora ni mimi.

Akalala kwa shangazi, kule Kasokola, siku nne. Kila jioni alikuja kukaa pembeni ya uwanja, daftari magotini. Tukipumzika kunywa maji, ananiita, anaweka kidole kwenye mchoro: hiki nini, kinafanya kazi gani, kikiharibika mtu anaumwaje. Nilimjibu kwa Kiingereza cha darasani, kisha kwa Kiswahili, naye ananirudishia jina la kiungo hicho kwa Kisukuma. Kiingereza hakijui hata salamu, lakini alinikamata vilevile.

"Hapo umejibu upesi mno. Unanidanganya."

Na kweli nilikuwa namdanganya. Siku ya tatu timu nzima ilikuwa imemzunguka, hata mwalimu wa michezo alichuchumaa kusikiliza, na mazoezi yakachelewa kuanza tena. Nilimpenda sana baba siku zile. Kwetu mambo hayo hatuambiani, kwa hiyo nilimletea soda tu, akainywa nusu, nusu akaniachia.

Sapu nikaifaulu. Nilimpigia mchana ule ule, nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake. Nilipomwambia, akawafokea ng'ombe watulie.

"Siku ile nilivyoshuka kwenye gari," akasema, "nililipia kabisa viti viwili vya kurudia. Changu na chako. Nilikuja kukuchukua, mama."

Nikaibana simu sikioni.

"Basi siku narudi kwa nauli ile ile, kiti chako kikawa kitupu njia nzima. Kuna mtu aliomba akikalie, nikamkatalia. Nikamwambia kina mwenyewe, yupo chuo."