Maji Juu ya Sosi ya Nyanya

Nakumbuka siku moja ya baridi pale Mlalo, asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nilikuwa nafunga nguo zangu kwenye kanga ili nitoroke nirudi kwetu Mgwashi.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, mwanangu. Kina mama wa usharika wa kanisa letu walikuwa na kikundi cha kupika sosi ya nyanya, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimamia sufuria. Mwenyekiti alikuwa wifi yangu Eliwaza, dada wa mume wangu. Tulitia nyanya, siki, pilipili kidogo, na wanga wa muhogo ili sosi iwe nzito. Ikiwa ya moto ilipendeza, inashika kijiko vizuri. Lakini ilipokaa dukani ilijitenga: juu maji, chini mabonge. Mwenye duka akatuletea chupa zote.

Eliwaza akanigeukia mbele ya wenzetu. "Umeongeza maji ili chupa zijae. Usibishe, maji hayo hapo."

Sikuweza kujibu. Nililia njia nzima. Siku zilizofuata nilipalilia tuta moja hilohilo mpaka mume wangu akaniuliza kama naumwa. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Ndipo nikafunga ile kanga.

Mama mkwe alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi na mzigo?"

"Kwetu."

Akaushika ule mzigo. "Uliongeza maji?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini unakwenda kama aliyeongeza? Ukiondoka leo, kila mtu hapa ataamini Eliwaza alisema kweli. Na siku ile ulisimama kimya kama huna mdomo. Fungua hiyo kanga. Utapika tena, kina mama wakiona."

Kwa kweli alinikaripia, na nilichukia. Lakini nilifungua kanga.

Tukapika upya, kina mama wamezunguka jiko. Eliwaza mwenyewe alipima maji, mwenyewe akafunga chupa. Mama mkwe akazifungia kabatini kwake, ufunguo akauvaa shingoni. Mwanangu, sijui nilivyoishi kwa kungoja. Kila nikipita karibu na lile kabati nilipunguza mwendo. Nikawaza, je, safari hii sosi isipojitenga? Nani ataniamini tena?

Jumapili moja baada ya ibada kabati likafunguliwa. Maji yalikuwa juu, vilevile.

Eliwaza alichukua chupa moja, akaitia kwenye mkoba, na kesho yake akapanda basi kwenda Lushoto mjini kwa mwalimu wa usindikaji wa vyakula. Jioni alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, hata viatu hajafuta matope.

"Wifi, nisamehe," akasema. "Mwalimu amesema kumbe ni ule wanga. Ukichemshwa sana pamoja na siki unalegea. Halafu sosi ikikaa, tena kwenye baridi yetu hii, wanga unajikaza na kuyaachia maji."

Alikuwa amekuja na pakiti ya unga mweupe. Ulikuwa wanga uliorekebishwa. Tulipokutana kikundini mama mmoja akaogopa, akauliza kama unatokana na zile mbegu zilizobadilishwa maabara.

"Hapana," Eliwaza akamjibu. "Hapa neno 'uliorekebishwa' halisemi habari ya mbegu. Ni wanga huohuo wa muhogo au mahindi, ila kiwandani umetengenezwa ili uvumilie siki, moto na kukaa muda mrefu. Tununue ule wa chakula tu, na tuuandike kwenye chupa."

Tuliupika. Sosi ile ilikaa imeshikana mpaka chupa ya mwisho ikaisha. Kisha asubuhi moja Eliwaza aliniomba radhi mbele ya kikundi chote, na mama mkwe alikuwa ameketi pembeni akimenya vitunguu kama hasikii.

Leo unaposoma kibandiko cha chupa na kukuta wanga uliorekebishwa, usiitupe kwa hofu, wala usidhani wanga huo una nguvu za ajabu mwilini. Kazi yake ni kushika chakula. Kama kuna anayedhurika na ngano nyumbani kwako, uliza wanga huo umetoka kwenye mmea gani. Kwa mchuzi wa kuliwa leo mezani, wanga wa kawaida unatosha kabisa. Na kazi ikiharibika mikononi mwa mwenzako, chunguza kwanza kilichomo ndani ya sufuria kabla hujamtaja yeye. Ukitajwa wewe, nawe huna kosa, sema, kisha ubaki.

Mungu akupe jiko lisilokosa wa kulisha, na watu wanaoweza kurudi kukuomba radhi. Amina.