Kasuku na Neno "Chama"

Wenzake walimwita Kasuku tangu shule ya misheni, wala si kwa wingi wa maneno, maana alikuwa mtu wa kunyamaza. Walimwita hivyo kwa kuwa aliweza kuivaa sauti ya mtu yeyote kama mtu avaavyo koti la nduguye. Siku moja alikohoa kikohozi cha mwalimu mkuu nyuma ya mlango wa bweni, na wavulana arobaini wakaruka kutoka vitandani wakasimama wima, mmoja wao akiwa na mswaki mdomoni. Adhabu ilikuwa kufagia kanisa juma zima, na inasemekana mwalimu mkuu mwenyewe alicheka alipokwisha kufunga mlango wa ofisi yake.

Alipopata nafasi ya kusomea upimaji ardhi chuo kikuu, baba yake, karani wa posta, alimsindikiza mpaka kituoni. Mzee huyo aliwahi kukaa miaka miwili bila kazi kwa ajili ya kadi ya chama iliyokutwa katika droo yake wakati upepo wa siasa ulipogeuka. Alimpa mwanawe mkono, kama wapeanavyo watu wazima, akasema, "Huko uendako soma, mwanangu. Usijiunge na chama chochote."

Juma la pili chuoni ikaja siku ya vyama. Ukumbi wa michezo ulijaa meza, na nyuma ya kila meza wanafunzi walinadi kama wachuuzi wa mitumba: chama cha wapiga picha, cha wapanda milima, cha mdahalo, cha sataranji, hata cha wafuga nyuki, ambao hawakuwa na nyuki ila mzinga mmoja mtupu. Kasuku alipita kote mikono ikiwa nyuma. Alipofika kwenye meza ya Chama cha Waigizaji, miguu yake iligoma.

Msichana wa mwaka wa tatu, aliyeitwa Dada Kofia kwa ajili ya kofia yake pana ya ukindu, alimsogezea karatasi. "We mgeni, hebu nisomee hapo. Ni mjane anamfukuza mpangaji."

Kasuku akasoma. Au tuseme hakusoma; mjane alijitokeza mwenyewe, na magoti yake yanayouma na meno yake mawili yaliyosalia, akamtimua mpangaji yule hata watu wa sataranji wakaacha mchezo wao. Alipomaliza, Dada Kofia alivua kofia.

"Andika jina lako."

Kalamu ilikwisha kufika mkononi. Akairudisha mezani. "Samahani, dada. Baba amenikataza vyama."

"Baba yako nani, kamanda wa polisi?"

Watu wakacheka. Mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Pipa kwa unene wake, akajitosa kumsaidia. "Sasa wewe, usikiite chama. Kiite kilabu."

"Kilabu? Mzee akisikia nashinda kilabuni, si atakuja kwa miguu kuninusa mdomo!"

"Huyu simwachi," akasema Dada Kofia huku akijifuta machozi ya kicheko. "Nafasi ya mjane nakuwekea mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi. Mwandikie mzee, umuulize."

Kasuku aliandika barua. Alieleza habari za hali ya hewa, chakula cha bwaloni na ugumu wa hesabu za pembetatu. Akaomba na soksi. Habari za mjane hazikuwamo. Ijumaa ilipofika, saa kumi ilimkuta maktaba, akiukodolea macho ukurasa mmoja.

Mchezo ulipoonyeshwa, alikaa safu ya nyuma kabisa. Mjane aliigizwa na kijana aliyetamka maneno kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Kasuku akajikuta midomo yake inayatangulia maneno yale. Akaona haya, akatoka. Baada ya hapo, kila alipokutana na Dada Kofia koridoni, msichana yule alimsalimu vizuri, wala hakumuuliza tena; na huko kutoulizwa ndiko kulikomuuma.

Maisha yake yakawa ramani. Kwa miaka thelathini na minne aliinamia meza ya ofisi ya upimaji, akichora mipaka ya viwanja vya watu kwa wino mweusi. Alioa, akapata watoto watatu. Kila walipocheka jinsi alivyomwigiza bosi wake, wakamuuliza mbona hakuwa mwigizaji, aliwajibu, "Babu yenu alinikataza." Alilisema bila chuki, kama mtu atajavyo mvua iliyoharibu harusi. Watoto wakakua wakimwogopa babu yao kidogo.

Alipokwisha kustaafu, alasiri moja alikwenda kumtazama baba yake, ambaye sasa alishinda barazani akiota jua, blanketi magotini. Ili kumchangamsha, akamwigizia daktari wa zahanati, yule aulizaye swali akalijibu mwenyewe. Mzee alicheka mpaka akaomba maji.

"Kipaji chote hiki, mbona hukukitumia kule chuoni?"

"Ulinikataza, Baba."

"Mimi?"

"Pale kituoni. Ulisema nisijiunge na chama chochote."

Mzee aliyatafuta maneno hayo kichwani, akayapata. "Lahaula! Nilisema siasa, mwanangu. Mambo ya kadi. Kuigiza nako ni chama?"

"Kiliitwa chama."

"Hata cha kuzikana kinaitwa chama, nami nilikuwa katibu wake. Nani alikuwa akinibebea daftari kila Jumamosi?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi ulijua."

Hakulisema kwa ukali. Kasuku alijua hata pale alipokuwa ameishika kalamu ile. Shuleni waliocheka ni watu waliokwisha kumpenda. Ukumbini angepimwa na wageni, kati ya mafundi wenzake wa kuigiza, na huenda angeonekana mtu wa kawaida tu. Neno la baba lilikuwa karibu, akajificha nyuma yake.

"Nilijua. Niliogopa."

"Ungeniuliza," mzee akasema taratibu. "Ningekwambia nenda. Tena ningekuja kutazama."

Juma lile lile Kasuku aliwaendea watoto wake, mmoja mmoja, akawasahihishia hadithi. Kifungua mimba wake, sasa mama wa watoto wawili, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, Baba."

"Ilikuwa tamu, ndiyo maana niliisimulia miaka yote hiyo," akajibu. Kisha akamwomba aende kumsalimu babu yake, tena asikawie.