Vikombe vya Shangazi

Dereva mmoja waliyemwita Radi alikuwa na lori lenye mngurumo uliowafanya kuku wa mlimani watage kabla ya zamu yao, na asiyeamini akawaulize kuku.

Chumbani kwake palikuwa na kikombe kimoja, kijiko kimoja na kiti kimoja, maana cha pili angekikalia nani? Mtu pekee aliyemsubiri hapa duniani alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu alipobaki yatima, naye aliishi kule mlimani, kando ya barabara. Masikio ya shangazi yalikuwa yamekufa kitambo. Lakini Radi alipopanda na mzigo, lori likilia kwa gia ya kwanza, vikombe vya kabatini vilicheza ngoma. Shangazi, aliyeweka kiganja juu ya kabati, alivihisi, akakimbilia dirishani kupunga mkono. Radi naye akapunga wake. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, miaka nenda miaka rudi. Kusimama hakuthubutu: lori lililojaa likisimama pale, klachi ingeungua kabla halijang'oka. Siku za mapumziko alijiambia, "Leo naenda," kisha akalala kama gogo.

Mara tajiri aliyemwajiri akaagiza malori yake yatiwe mota ya umeme, yaache kunywa mafuta kama ngamia. Fundi akajilaza chini ya lori, akakata shafti ya kuzungusha magurudumu, akapachika mota kati ya giaboksi na difu ya magurudumu ya nyuma, betri akazifunga ubavuni. Injini ikabaki palepale.

"Mlimani mota itasukuma," fundi akamwambia Radi. "Injini kazi yake kupumua tu."

"Na mngurumo?"

"Mngurumo wa nini tena, mzee? Kuanzia leo tunakuita Manyunyu!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Radi akacheka nao, kwa midomo tu.

Safari ya kwanza lori lilipanda kama paka aliyeiba nyama. Dirisha la shangazi lilikuwa tupu. Safari ya pili, tupu. Radi akapiga honi mpaka mbuzi wakagombana, lakini shangazi angesikia wapi? Akarudi kwa fundi.

"Izime hiyo mota."

"Nikiizima, tajiri atanizima mimi. Kunguruma kuna nini mzee wangu?"

"Shangazi atadhani nimekufa."

Fundi akaacha kucheka. "Sasa si usimame umsalimie? Mota haina klachi ya kuungua. Hata ukisimama kwenye ukuta, itaondoka."

Radi akatazama chini. Kisingizio chake cha miaka yote kilikuwa kimelala sakafuni, pamoja na vipande vya shafti.

Safari iliyofuata akasimama, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akaingia. Shangazi alikuwa amekaa, mgongo mlangoni, kiganja juu ya kabati, anasubiri. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko dirisha lilivyomwonyesha. Radi akaona akimgusa tu atamshtua. Akashika ubavu wa kabati, akalitikisa taratibu.

Vikombe vikalia. Shangazi akaruka kama msichana, akakimbilia dirishani, akalipungia mkono lori lililosimama bila mtu.

"Umechelewa weee, mwanangu! Nilikuwa nimeshakuzika!"

Nyuma yake, Radi akainua mkono, akapunga.

"Shikamoo, Shangazi," akasema, sauti ikaishia kwake mwenyewe, na hakujua hata amguse bega lipi.