Nati ya Sita

Siku ile tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitindamimba wetu aliyekuwa anakwenda kuanza chuo cha uuguzi Iringa, na mama mmoja muuza chai ambaye mpaka asubuhi ile hatukuwa tunamjua. Ndugu zetu wengine wawili hawakuwepo. Mmoja ameolewa Tunduma, mwingine alikuwa kazini. Ila nati zao zilikuwepo.

Hizo nati inabidi nizieleze. Baba alifanya kazi kiwandani Mgololo, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani Mbeya kwa pikapu yake. Siku ya kuondoka alituita uani, tukajipanga kwa kufuatana kuzaliwa, akatupa spana kwa zamu. Gurudumu la mbele kushoto, lile lililoelekea mlango wa jikoni, lilikuwa na nati sita. Sisi watoto tulikuwa watano. Ya kwanza nilikaza mimi. Ya tano alikaza kitindamimba, baba akiwa ameweka kiganja chake juu ya vidole vyake, kwa sababu alikuwa mdogo hata spana yenyewe ilimshinda. Ya sita alikaza mama, akitoka jikoni na unga mikononi. Baba alikuwa akisema kwamba kwa namna hiyo safari inakuwa ya watu wote. Kisha gari lilitoka, na alama nyeupe za vidole vya mama zikaenda zikizunguka na gurudumu mpaka kona, na mimi nikazifuata kwa macho mpaka zikapotea.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama hakukaa sana baada yake. Niliacha shule nikaanza kuuza viazi, na nilipopata leseni nikavibeba kwa gari lile lile. Wadogo zangu walikua. Mambo mengi ya nyumbani tuliyaacha njiani, lakini desturi ile hatukuiacha. Kabla ya safari ndefu, na kila siku ya kuwakumbuka wazazi, tulijipanga uani, kila mtu na nati yake. Ya mama hakuna aliyetaka kuichukua iwe yake, na hakuna aliyetaka iachwe bila mkono. Kwa hiyo tuliikaza wote, mmoja baada ya mwingine, na mimi mkubwa nilimalizia kwa kupanda juu ya spana na miguu yote miwili. Matairi ya nyuma yalichoka kwa mizigo, tukayabadilisha mara kwa mara. Lile la mbele kushoto lilivumilia. Tangu mama azikwe tulikuwa tumelikaza tu, hatujalifungua hata mara moja.

Barua ya chuo ilisema mwisho wa kuripoti ni siku ile, saa kumi jioni. Asiyefika, nafasi yake angepewa mwingine aliyekuwa akisubiri. Tungeondoka mapema zaidi ya hapo, lakini fomu ya daktari ilisainiwa jana yake jioni.

Tulivuka Makambako tukaingia kwenye ukungu. Sijui kama ni ule ukungu au ni kwa sababu sikulala vizuri, lakini barabara ilikuwa kama haina mwisho wala mwanzo. Misonobari ilitokea kando, ikatutazama, ikarudi ndani. Tulikaribia Nyororo, pale baba alipokuwa akikata kona kwenda Mgololo, na kwa muda mfupi niliona mkono wangu unataka kuwasha taa ya kukata kona. Hapo ndipo gurudumu la mbele kushoto likaanza kupiga lami. Pa, pa, pa.

"Pancha," mdogo wangu alisema.

"Pancha si kitu," nikasema. "Dakika ishirini."

Ilikuwa saa nne na robo.

Tulisimama karibu na kibanda cha chai. Kilikuwa turubai la bluu juu ya nguzo nne, tatu za mti na moja ya bomba la chuma. Mwenyewe alikuwa amejifunika vitenge viwili, akipuliza mkaa.

"Kamwene," alitusalimu.

"Kamwene, mama."

Mdogo wangu alichukua spana akaanza na nati yake, ya pili. Alisukuma kwa mikono, akasukuma kwa mguu, akapanda juu yake akarukaruka. Haikutikisika. Akajaribu yangu.

"Dada, hii ulikuwa unafunga gurudumu au unafunga jela?"

"Sukuma, acha maneno."

"Nimesukuma mpaka suruali imechanika. Njoo uone, kama unaona raha."

Kitindamimba alisimama nyuma yetu na bahasha ya chuo kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa akitazama simu yake, kisha barabara, kisha simu. Hilo lilinichoma kuliko kama angelia.

Mama wa chai alikuja akainama, akachungulia nati kwa jicho moja.

"Mmekaza au mmechomelea?"

Nikamweleza. Nilianza kwa aibu, nikamaliza nikiwa nimemweleza yote, mpaka unga wa mikononi. Alisikiliza akiwa amechuchumaa. Alisema marehemu mumewe alikuwa utingo wa malori ya mbao miaka mingi, na yeye mwenyewe ameshika spana hizi kabla hajashika birika.

"Binti anatakiwa saa ngapi?"

"Saa kumi, Iringa."

"Basi leo watu hawanywi chai."

Alileta birika kubwa lililokuwa likichemka, maji ambayo hayajatiwa majani, akayamimina polepole juu ya nati, moja baada ya nyingine. Mvuke ulipanda ukachanganyika na ukungu, nikashindwa kujua upi umeanzia wapi. Kisha akaleta mafuta ya taa kwenye kifuniko cha chupa, akayadondosha penye kutu.

"Sasa msifungue. Kazeni kwanza, kidogo tu. Ikitikisika, ndipo mrudishe."

"Mama, zimekazwa miaka yote hii," mdogo wangu alisema. "Tukaze tena?"

"Wewe kijana, nani ana birika hapa?"

Lakini spana yetu ilikuwa fupi mno kwa kazi ile. Aliiangalia, akaangalia kibanda chake. Bila kutuuliza alikwenda akaifungua kamba, akaling'oa lile bomba la chuma. Turubai likalala upande mmoja, juu ya meza na vikombe, na maji ya ukungu yakaanza kukusanyika kwenye mkunjo.

"Mama, kibanda!"

"Kibanda hakiendi chuo."

Tulichomeka bomba kwenye mkono wa spana. Kaza kidogo. Rudisha. Yangu ililia kwa sauti kali, ikaachia. Ya mdogo wangu ikaachia. Kisha za wale wasiokuwepo, na kila moja ilipolia nilimwona mwenye nati, akiwa uani, akiwa na umri ule wa zamani. Ya tano tulimwita kitindamimba aifungue mwenyewe. Aliweka bahasha kwenye kiti cha gari. Nilitaka kuweka mkono wangu juu ya wake. Akasema, "Naweza, dada." Na kweli aliweza.

Ikabaki ya mama.

Maji yalimwagwa mara tatu, bado ilikuwa kimya. Saa sita ilipita. Mdogo wangu alifuta jasho, akasema bila kunitazama, "Tuikate. Tutakwenda na nati tano, gari litafika."

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba mimi ndiye niliyeipanda kwa miguu yote miwili, mwaka hadi mwaka, nikidhani ninatunza kitu. Kitindamimba alinitazama. Nati ile na saa kumi, vyote viwili vilikuwa mikononi mwangu.

"Mara moja tu," nikasema. "Ikikataa, kata."

Tulining'inia kwenye bomba sote watatu. Tulikaza kidogo, tukageuza. Bomba likaanza kupinda kama muwa, nikasikia mama wa chai akisema nyuma yetu, "Msiache, msiache." Kisha ikatoka sauti ndogo, ndogo kuliko zile zote tano, na tukaanguka kwenye majani mabichi, mmoja juu ya mwingine. Kitindamimba alikuwa akicheka. Nati ya mama ilizunguka kwa vidole.

Tulifunga tairi la akiba, na saa saba tulikuwa barabarani. Baada ya Mafinga ukungu uliisha. Tulipita Mlandege, Iringa mjini, saa tisa na nusu, na mbele ya chuo kitindamimba alishuka mbio na bahasha yake. Karani alikuwa bado na daftari wazi.

Katika haraka ya kuondoka kibandani, bomba la mama wa chai tulilitupia ndani ya pikapu, nyuma. Tuligundua tulipokuwa tunashusha sanduku.

Kesho yake, tukirudi Mbeya, tulisimama pale pale kibandani. Mama wa chai hakuwepo. Mwendesha bodaboda alituambia amekwenda msibani, hajui atarudi lini. Turubai lilikuwa bado limelala, limejaa maji. Niliyasukuma kwa viganja mpaka yakamwagika yote, mdogo wangu akakata mti akasimamisha nguzo ya muda. Bomba lake sikuliacha. Niliona haya kumrejeshea mtu kitu kilichopinda, na yeye hayupo hata nimwombe radhi.

Limeegemea ukuta wa jikoni mpaka leo. Nimepata jingine, limenyooka, lina urefu ule ule. Nimelipima mara mbili. Sasa kabla ya safari tunafungua kwanza, ndipo tunakaza, na sipandi tena juu ya spana. Kitindamimba atafunga chuo mwezi ujao, nitakwenda kumchukua. Asubuhi nyingine nikiwa jikoni, kabla jua halijatoka, mvuke wa sufuria unapofunika dirisha, naona upande mmoja wa kibanda cha bluu umelalia vikombe, na mtu anangoja nimrudishie nguzo yake.