Simu ya Emilie Chini ya Saa

Vlasta Kubicek aliijua simu ile ya mbao ya ukutani kabla mkwewe hajamaliza kuitoa kwenye gunia. Kirafu chake kilikuwa na alama ya kuungua, pale mume wa jirani yake Emilie alipozoea kuweka kiko.

"Nimeipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu Emilie," Duane alisema, akaegemeza ukutani ubao mpya wa mwaloni alioupiga randa mwenyewe. "Ubao wake wa zamani umeliwa na wadudu, huu ndio utakuwa mgongo wake. Naifunga hapa jikoni, Mama, chini ya saa. Zawadi yako ya miaka sabini na mitano."

"Simu haina hata waya wa kwenda nje!"

"Ndiyo uzuri wake. Hakuna wa kukupigia akakuudhi."

"Kaifunge kwako."

"Usiiangalie hivyo, Mama, haing'ati."

Vlasta alikuwa na sababu ya kuiogopa. Zamani waya mmoja wa simu ulipita nyumba zote za kando ya kijito, na kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Ukilia usio wako, usiinue mkonga. Nani aliyeifuata sheria hiyo? Theluji ikishafunga njia, habari za watu zilikuwa tamu kuliko kolachi, vile vimikate vya plamu. Tena wasikilizaji walitambuana bila kusema neno: kwa Hruska utasikia ndege wa tunduni, kwa Sedlacek kikohozi, kwa Vlasta saa ya ukutani yenye kishindo. Na kila mtu alijua kuwa wakizidi kuinua, sauti inafifia, maana nguvu ya waya ni ile ile na wote wanaigawana.

Alasiri moja ya Februari Emilie alimpigia daktari mjini. Vlasta aliinua mkonga mara moja. Alimsikia Emilie akisema koo la mtoto linaziba, na daktari akijibu kwa mbali, "Sema kwa nguvu, mama, sikusikii."

"Wekeni simu chini!" Emilie alilia. "Jamani, wekeni chini!"

Vlasta alijiambia wengine wataweka. Alitaka tu kujua ni mtoto yupi. Alikuwa Ludvik, wa miaka minne, na daktari alipoelewa na kufika, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Vlasta alipeleka kolachi msibani. Emilie alizipokea, akashukuru. Tangu hapo, kwa miaka arobaini na saba, kila Alhamisi alikuja kunywa kahawa, akakaa kiti kile kile kinachotazama saa. "Saa yako haichoki, Vlasta," alizoea kusema, akimtazama usoni. Vlasta alikuwa akicheka na kummiminia tena. Emilie alipofariki Kwaresima hii, kitu cha kwanza Vlasta alichohisi kilikuwa nafuu, akaionea haya nafuu hiyo. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Duane alifungua kisanduku cha betri cha simu ile ili bisibisi ifikie skrubu za ndani. Akainama, akapuliza vumbi.

"Mama, hapa kwenye ubao wa zamani pameandikwa kwa penseli."

"Uchome huo ubao."

"Subiri kidogo. 'Walioinua.' Halafu majina. 'Sedlacek, kikohozi.' Limekatwa kwa mstari, na tarehe kando. 'Hruska, ndege.' Nalo limekatwa. 'Benes, mlango.' Limekatwa. Mambo gani haya?"

Vlasta aliketi. Aliwakumbuka hao wote, jinsi mwaka ule, mmoja baada ya mwingine, walivyoonekana wakipanda njia ya kwa Emilie, kofia mkononi. Alidhani wanakwenda kumpa pole.

"Walikwenda kumwomba radhi," alisema.

Duane alisogeza ubao kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya kichwa chake saa iliendelea na kishindo chake.

"Limebaki moja," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "'Kubicek, saa.' Hili halijakatwa, Mama."

"Naam."

"Labda alisahau."

"Alikuja kila Alhamisi," Vlasta alisema. "Akakaa kiti hiki hiki, akiitazama saa, akingoja niseme. Nami nikamwongezea kahawa."

Duane alianza kuirudisha simu kwenye gunia.

"Acha," Vlasta alisema. "Ifunge. Chini ya saa, kwa ubao wake ule ule wa zamani."