Kipepeo wa Gunda Letu

Harufu ya majani mabichi yakiungua siivumilii hadi leo. Jirani akichoma magugu, mimi hukimbilia kufunga madirisha, na watoto wangu hunicheka kwamba nimekuwa mtu wa Nairobi. Waache wacheke.

Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Lambwe. Nyuma ya nyumba palikuwa na gunda, yaani boma la kale la babu zetu. Halikulimwa, kwa heshima ya waliozikwa humo, na miti ilikuwa imelifunika. Siku moja akaja mama mmoja mtafiti wa vipepeo, wavu mkononi. Nilimwongoza humo siku tatu, kichwa kimenivimba kwa cheo hicho. Siku ya tatu akampata aliyemtafuta: kipepeo mdogo wa kahawia, mnene, anayeruka kwa kushtukashtuka kama panzi. Kusema kweli sikuona uzuri wake. Yule mama aliketi chini akafuta machozi.

"Usimguse," aliniambia. "Nimetafuta kwingine kote, sijamwona. Miti hii ikikatwa, amekwisha. Hapa panafaa kuhifadhiwa."

Jioni Baba aliniuliza mgeni alisema nini, nami nikamweleza. Aliposikia kuhifadhiwa, akaacha kula. Sisi tunaoishi karibu na mbuga ya wanyama, wazee wetu wakisikia neno hilo huona ua wa mbuga ukisogea na wao wakifungasha. Akaniuliza kama tutahamishwa. Yule mama hakuwa amegusia habari ya kuhama, lakini mimi nilikuwa nimeonja utamu wa kuwa mwenye habari. Nikasema ndiyo.

Kesho yake Baba alinoa panga. Wiki haikwisha, alikuwa amekata na kuchoma, gunda lote likawa jivu. Mtafiti aliporudi, Baba alimzuia njiani.

"Madam, hii ni shamba yangu. Hakuna kitu hapa."

Yule mama alilitazama jivu, kisha akanitazama mimi. Nilijificha nyuma ya ghala.

Nilipokuwa mkubwa nilimlaumu Baba kwa uharibifu ule, tena mara moja mbele ya wageni, naye akaendelea kuwamiminia chai. Tulimzika mwaka juzi. Matangani, baba mdogo alisimulia kwamba Baba alikata miti ile huku akilia, akiwaomba radhi waliozikwa chini yake, ili sisi watoto tusikose pa kulala.

Ndipo nilipoelewa. Baba alikata kwa sababu aliniamini, na alikufa bila mimi kumwambia kwamba nilidanganya.